Fundisho la Kutunga: Habari ya Safari

Kila mwaka, siku za mtihani zinapokaribia, mwalimu huandika ubaoni maneno haya: "Simulia safari moja uliyoifanya." Watoto wa mwaka wa sita husoma, kisha hutabasamu. Husema moyoni: "Jambo hili ni rahisi." Mara kalamu zaanza kukimbia. Lakini usiku, mwalimu akifungua madaftari nyumbani kwake, aona jambo la ajabu: watoto arobaini wamefanya safari moja tu. Wote wameamka asubuhi na mapema, wote wamenawa uso, wote wamepanda gari, wote wamefika salama, na wote wamesema kwamba safari ilikuwa nzuri sana.

Someni daftari la kijana mmoja wa Kikula, hapa Likasi. Aliandika hivi:

"Siku moja tulisafiri kwenda Lubumbashi. Tuliamka asubuhi. Tulinawa uso. Tulikula mkate. Tulipanda gari. Tulifika. Tulimsalimu mjomba. Tulikula bukari na samaki. Tulilala. Kesho yake tulirudi. Safari yetu ilikuwa nzuri sana."

Tafuteni makosa ya herufi: hayamo. Nukta ziko mahali pake. Kila jina la mji limeanza na herufi kubwa. Hata hivyo nilimpa alama nne juu ya kumi. Kijana alikuja mezani kwangu baada ya masomo, amekunja uso. Akauliza: "Mwalimu, kosa liko wapi?"

Nikamjibu: "Kosa si la kalamu. Umetupeleka Lubumbashi, lakini umetufunga macho njia nzima. Toka hapa mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 120. Mlivuka mto gani?"

Akanyamaza.

"Mlivuka Lufira. Maji yalikuwa mengi au machache? Na pale Lwisha mliona nini? Mlikutana na malori mangapi yenye mizigo ya shaba? Nani alikaa karibu nawe garini? Alikuwa amebeba nini?"

Kijana alitazama miguu yake. Kisha akasema polepole: "Mwalimu, mimi sijafika Lubumbashi. Nimezaliwa Kikula. Sijavuka Lufira hata siku moja. Lakini ubaoni uliandika: safari uliyoifanya. Basi nikatafuta moja."

Watoto, hapo niliona kwamba kosa moja lilikuwa langu. Mwalimu akiuliza habari ya safari, asidhani kwamba kila mzazi ana fedha ya tikiti. Tena asidhani kwamba safari ni gari na mji mkubwa tu. Nilimwambia kijana arudi nyumbani, nami nikakaa kutengeneza fundisho hili. Kwa hiyo mlisome pole pole.

Tuanze na neno lenyewe. Safari ni neno lililotoka katika Kiarabu. Watu wa pwani walilipokea, na misafara ya biashara ikalibeba mpaka bara, mpaka kwetu Katanga. Lilizaa watoto wengi: kusafiri, msafiri, msafara, kusafirisha. Lakini lina maana nyingine pia, nanyi mwaisema kila siku bila kufikiri. Mtoto aliyeshindwa mpira jana husema: "Safari hii hamtanifunga!" Hapo safari maana yake ni mara. Lugha yetu yaona kila jambo tunalolianza upya kuwa kama kutoka nyumbani tena. Na neno mwendo je? Twasema mwendo wa saa mbili, yaani njia. Twasema pia kijana yule ana mwendo mzuri, yaani tabia njema. Mtu aliyetunga habari ya safari na kusahau tabia za watu, ametumia nusu ya neno tu.

Kuna methali pia: "Msafiri maskini, ajapokuwa sultani." Ukiwa nyumbani wajua maji yapo wapi, na nani atakufungulia mlango. Ukiwa njiani hujui. Hata mtu mkubwa lazima aulize: "Mama, nisaidie maji." Basi mtu akiandika safari bila kuomba neno lo lote kwa mtu ye yote, mimi husita kumwamini.

Sasa tuwatazame wasafiri walioandika kweli.

Mwaka 1802 watu wawili, Pedro João Baptista na Amaro José, walitoka Kasanje, katika nchi ya Angola. Walikuwa watumwa wa mfanya biashara wa Kireno. Walitumwa kutafuta njia ya kupita katikati ya Afrika mpaka Tete, mji wa Wareno ulio kando ya mto Zambezi, upande wa mashariki. Walipita kwa miguu. Walipita kusini ya nchi yetu hii ya shaba, wakafika kwa mfalme Kazembe, karibu na mto Luapula. Huko njia ilikuwa imefungwa, wakakaa miaka minne! Mwaka 1811 wakafika Tete, kisha wakageuka na kurudi Angola. Watu wengi hufundishwa kwamba Livingstone ndiye wa kwanza kukata Afrika toka bahari mpaka bahari. Safari yake ile aliifanya katika miaka ya 1854 mpaka 1856. Baptista na mwenzake walikuwa wamekwisha kupita zaidi ya miaka arobaini kabla yake.

Baptista alijua kuandika. Aliandika siku kwa siku: siku hii tulitoka alfajiri, tukavuka mto huu, tukalala mahali hapa, tukakutana na watu hawa. Maneno yake si matamu. Ni makavu kama muhogo wa juani. Lakini alihesabu mito, na kwa sababu aliihesabu, mpaka leo watu wenye elimu waweza kufuata njia yake. Angalieni jambo jingine: miaka minne ya kungoja ni sehemu ya safari yake. Hakuiruka. Ninyi mkiandika, mwaruka daima saa za kungoja. Gari limeharibika njiani saa tatu, nanyi mwaandika: "Kisha tulifika." Mmetupa nyama na kutuletea mfupa.

Mtu mwingine ni Salim bin Abakari. Mwaka 1896 alifuatana na bwana wake, Mjerumani, mpaka Urusi na Siberia. Aliandika habari yake kwa Kiswahili, nayo ikapigwa chapa mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli. Fikirini kazi aliyokuwa nayo. Yampasa kuwaeleza watu wa pwani, wanaolala madirisha wazi kwa sababu ya joto, nchi ambayo maji yake hugeuka kuwa jiwe. Akisema "kulikuwa baridi sana," hawatamwelewa. Watadhani ni baridi ya asubuhi ya mwezi wa Julai. Hiyo ndiyo kazi ya kila mtu anayetunga habari ya safari: msomaji hakuwapo. Usimwambie kwamba jambo lilikuwa zuri au baya. Mpe kitu akione, naye ataamua mwenyewe.

Na karibu nasi? Bunkeya si mbali na Likasi. Msiri, mfalme wa Wayeke, hakuzaliwa huko. Alitoka nchi ya Wanyamwezi, upande wa Tabora, naye alikuja Katanga yapata mwaka 1856 kwa ajili ya biashara. Mwaka 1891 msafara wa kapiteni Stairs ulitoka Bagamoyo mwezi wa Julai, ukafika Bunkeya mwezi wa Desemba, na tarehe 20 ya mwezi ule ule Msiri aliuawa. Wakubwa wa msafara ule waliandika vitabu. Wapagazi hawakuandika. Walitembea njia ile ile, tena wenye mzigo kichwani. Wengi wao walikufa kwa njaa na ugonjwa. Mguu wa mpagazi ulikanyaga kila jiwe lililokanyagwa na kiatu cha bwana, lakini jina lake halimo. Kumbukeni neno hili. Kuna safari nyingi duniani ambazo hazijapata mwandishi, na nyingine zimo katika nyumba zenu.

Turudi kwa kijana wetu wa Kikula.

Kijana huyu ana yaya, msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, ambaye naye alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa serikali. Mtihani huo ulianza katika nchi yetu mwaka 1967, na ndani yake kuna kazi ya kutunga kwa Kifaransa. Yaya alikuwa akijizoeza na methali moja ya Wafaransa isemayo kwamba safari huwakomaza vijana. Jioni ile alimkuta mdogo wake amekaa mlangoni na daftari lake la alama nne. Hakumcheka. Alilisoma, akamwuliza: "Mwalimu alikuambia ufanye nini?"

"Niandike safari."

"Sivyo. Soma tena."

Kijana akasoma: "Simulia safari moja uliyoifanya."

Yaya akachukua kalamu, akapiga mstari chini ya neno la kwanza. "Katika mtihani, neno la kwanza ni kama askari wa njia panda: yeye ndiye aonyeshaye upande. Mimi wameniambia: jadili. Lazima nitafute wanaokubali na wanaokataa, kisha niseme mimi nasimama wapi. Nikisimulia tu, nimepotea. Wewe wamekuambia: simulia. Basi usihubiri, usieleze faida za safari. Simulia." Kisha akapiga mstari chini ya neno moja. "Tena moja. Si likizo nzima. Ukiwa na kurasa mbili tu, chagua kipande kimoja cha njia, ukikanyage vizuri."

"Lakini mimi sijasafiri."

Hapo nkambo, aliyekuwa akitwanga sombe uani, akaacha kutwanga. Akasema: "Hata mimi sikusafiri. Lakini safari moja niliifanya, tena niliifanya mara nyingi."

Kabla sijawapa maneno ya nkambo, yanipasa kuwaeleza habari ya reli, kwa maana bila reli hamtaelewa. Njia ya gari la moshi ilifika Lubumbashi kutoka kusini mwaka 1910. Wakati huo mji ule uliitwa Elisabethville. Ikasogea mbele mpaka upande wetu wa Likasi na Kambove, na mwaka 1918 ikafika Bukama, kando ya mto Lualaba. Mwaka 1928 ikakamilika mpaka Ilebo, ikipita Kamina, Mwene-Ditu na Kananga. Tangu hapo mtu aliweza kupanda gari la moshi Kasai na kushuka Katanga. Kampuni ya migodi, Union Minière, ilitafuta wafanya kazi, na watu wengi wa Kasai walikuja na wake zao. Wakazaa hapa, wakazeeka hapa, wakazika wazee wao hapa. Mji wetu ulipoitwa Jadotville walikuwamo, na ulipopata jina la Likasi mwaka 1966 walikuwamo bado. Wajukuu wao hawakuijua Kasai ila kwa masimulizi.

Katika miaka ya 1992 na 1993 ulitokea ubaya mkubwa. Wakubwa wa siasa waliwachochea watu, na watu wa Kasai walifukuzwa katika nyumba zao na katika kazi zao. Hapa Likasi maelfu yao walikimbilia stesheni wakingojea gari la moshi la kuwapeleka nchi ya babu zao. Gari halikuja upesi. Walikaa majuma, wengine miezi, chini ya vitambaa na mabati, wakati wa mvua. Wengi waliugua, na wengi walikufa, zaidi watoto. Wengine walikufa njiani. Baadaye, miaka ilipopita, wengi walirudi, na leo mwakaa nao benchi moja shuleni. Lakini si wote waliorudi.

Nkambo alisimulia hivi: "Nyumba ya pili kutoka hapa alikaa mama mmoja, mwenzangu. Tulijifungua mwaka mmoja. Mtoto wake akilia, mimi namnyonyesha. Wangu akilia, yeye. Mume wake alizaliwa Likasi. Baba yake ndiye aliyekuja na gari la moshi. Siku walipowatoa, sikufanya neno. Niliogopa. Nilifunga mlango. Usiku sikulala. Kesho yake nilipika bukari na sombe, nikafunika sufuria kwa kitenge, nikaenda stesheni. Sikupita barabara kubwa, kwa maana watu walikuwa wakiuliza: wawapelekea nani chakula? Nilipita nyuma. Nikamkuta. Nilikwenda tena kesho, na kesho kutwa. Majuma saba. Siku gari lilipokuja, watu walipanda mpaka juu ya mabehewa. Yeye akaniambia: Kinu changu kimebaki uani, ni kizito, nichungie. Gari likaondoka. Ndiyo safari yangu: kutoka hapa mpaka stesheni, na kurudi."

Kijana akatazama kinu. Tangu kuzaliwa kwake alikuwa akila sombe iliyotwangwa humo. Akauliza: "Alirudi kukichukua?"

"Bado," akasema nkambo, akaanza kutwanga tena.

Jumamosi kijana alimwomba nkambo amwonyeshe njia ile. Nkambo alikataa kwanza, kwa sababu ya magoti. Kisha akavaa kitenge kizuri, wakaenda. Jumatatu kijana aliniletea kazi yake mpya. Lakini kabla ya kuisoma, tazameni vyombo vitatu alivyotumia. Bila vyombo hivi hata habari njema huanguka.

Chombo cha kwanza ni -ka-. Ni kama mguu wa kushoto unaofuata mguu wa kulia. Twaanza na -li-, kisha twaendelea na -ka-: "Tulitoka nyumbani, tukapita nyuma ya soko, tukafika." Katika daftari lake la kwanza aliandika tuli-, tuli-, tuli- mara kumi, ni sawasawa na mtu anayesimama baada ya kila hatua na kuanza safari upya. Lakini -ka- nyingi mno hukimbiza msomaji. Mambo yakiwa mazito, simameni, mwandike sentensi fupi yenye -li-.

Chombo cha pili ni -ki-. Chaonyesha mambo mawili yakienda pamoja: "Alitembea akishika mkono wangu." Mguu wakwenda, na mkono washika. Wanafunzi wengi hawakitumii, nami sijui kwa nini, maana nyumbani mwakisema siku nzima.

Cha tatu ni jina la kitu chenyewe. Usiandike "chakula" ukijua kwamba ni sombe. Usiandike "mti" ukijua kwamba ni mwembe. Usiandike "mzigo" kama ni gunia la makala juu ya kinga, na mwenye kinga aisukuma akitoka jasho.

Sasa someni kazi ya kijana.

"Jumamosi nilisafiri na nkambo wangu kutoka nyumbani kwetu Kikula mpaka stesheni. Tulitoka jua likiwa bado chini. Nkambo alikuwa amebeba sufuria tupu iliyofunikwa kwa kitenge. Nilimwuliza sababu. Akasema mikono yake haijui kwenda njia hii bila sufuria.

"Tulipita nyuma ya nyumba. Njia hii ni nyembamba, na maji machafu hupita katikati. Mtu mmoja alikuwa akisukuma kinga yenye magunia matatu ya makala, tukampisha. Nkambo alitembea akihesabu malango. Kwenye lango moja alisimama. Niliona mwembe tu. Akasema: Hapa mbwa alinifuata. Kisha tukaenda.

"Nkambo alinyamaza mara tatu. Mara ya kwanza ni pale kwenye mwembe. Mara ya pili ni tulipoona reli. Mara ya tatu ni mahali penye majani tu, karibu na reli. Nilifikiri amechoka. Akaweka sufuria chini, akasema: Walikuwa hapa, mpaka kule. Nikatazama kule. Palikuwa mbuzi wawili na mama mmoja anayeuza ndizi.

"Mama yule alituuliza: Mwangoja gari? Nkambo akajibu: Hapana, mama, tunasalimu tu. Mama akatupa ndizi mbili, akakataa fedha.

"Tulirudi kwa barabara kubwa. Nkambo alisema kwamba hakuwahi kurudi kwa barabara kubwa. Nikabeba sufuria mimi. Ilikuwa nyepesi, lakini niliibeba kwa mikono miwili. Tulipofika nyumbani, nkambo aliosha kinu, ingawa hakikuwa kichafu."

Habari imekwisha hapo. Hakuandika kwamba safari ilikuwa nzuri sana.

Nilimpa alama nane. Mnaona, mimi si mwalimu wa kugawa kumi kama pipi. Moja niliikata kwa sababu aliandika "jua likiwa bado chini" bila kutuambia saa wala mwezi, Baptista angetuambia. Moja niliikata kwa mama wa ndizi: angetuonyesha walau mkono wake au kitambaa chake, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee aliyewapa kitu njiani. Kijana alikubali ya kwanza. Ya pili aliibishia. Alisema nkambo alikuwa akisimama mbele yake, hakumwona mama vizuri, naye hakutaka kutunga uongo mwingine kama ule wa Lubumbashi. Nilifikiri usiku mmoja, nikamrudishia alama ile. Kwa hiyo ni tisa.

Nanyi mtakapofika chumba cha mtihani, fanyeni hivi. Msianze kuandika mara karatasi inapofika mkononi. Pigeni mstari chini ya neno la kwanza la swali, kama yaya alivyofundisha. Kisha fumbeni macho kidogo, mtembee njia yenu moyoni toka mlango wa nyumba. Mahali miguu inaposimama yenyewe, andikeni pembeni neno moja tu: mwembe, daraja, mbwa, askari. Maneno manne au matano yatosha kwa kurasa mbili. Yaliyobaki kati yao yapiteni upesi kwa -ka-. Wekeni dakika kumi za mwisho kwa kusoma tena, maana macho yaliyochoka hula herufi. Na mkiona mmeandika "tulinawa uso," jiulizeni kama uso huo ulikuwa na jambo. Siku moja msichana mmoja aliandika kwamba alinawa uso kwa maji ya chupa yaliyobaki kwa ajili ya mgonjwa, kwa sababu hakujua. Uso ule nilimwacha aunawe.

Kijana na yaya wake walifanya mitihani yao mwaka mmoja. Yaya, katika karatasi yake ya Kifaransa, aliwajadili wanaosema kwamba asiyesafiri hakomai. Alikataa. Mfano wake ulikuwa mwanamke mmoja wa Kikula aliyekwenda na kurudi njia moja kwa majuma saba.

MANENO YA KUJUA

Nkambo: mzazi wa baba au wa mama.
Yaya: ndugu aliyekutangulia kuzaliwa.
Kinga: gari la magurudumu mawili linaloendeshwa kwa miguu, baisikeli.
Kuchunga kitu: kukitunza mpaka mwenyewe arudi.
Mpagazi: mtu abebaye mizigo ya msafara.

MASWALI

1. Kwa nini mwalimu alisema kwamba kosa moja lilikuwa lake?
2. Baptista na mwenzake walikaa kwa Kazembe miaka mingapi? Walifika Tete mwaka gani?
3. Taja miji mitatu ambayo reli hupita baada ya Bukama kuelekea Ilebo.
4. Kwa nini nkambo alipita nyuma ya nyumba alipopeleka chakula, na kwa nini alichukua sufuria tupu Jumamosi ile?
5. Katika kazi ya pili ya kijana, tafuta sentensi mbili zenye -ki- na tatu zenye -ka-.
6. Wewe ungempa kijana alama ngapi? Toa sababu.

KAZI YA NYUMBANI

Mwombe mtu mzima wa nyumba yako akuonyeshe njia moja aliyoipita mara nyingi zamani. Tembea pamoja naye. Usiandike kitu mkiwa njiani. Jioni andika ukurasa mmoja na nusu, na neno "nzuri" lisiwemo.